Marudiano yalikufa, nikastaafu nikila chapati

Watu wananiuliza niliacha ngumi lini na mi sijui niwaambie siku gani, juu mwenzako anaachia ulingoni, anavua glavu anaziweka pale katikati, watu wanasimama wanapiga makofi, mwingine analia. Mi niliachia jikoni. Kariobangi, saa nne usiku, mama watoto anapika chapati na mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha maji moto na ndimu kama mgonjwa. Nikachukua moja nikaila hapo hapo nimesimama. Nikachukua ya pili nikaichovya kwa maharagwe. Mama watoto akaangalia sahani, akaniangalia mimi, akasema, "Baba watoto, na kilo?" Nikamwambia hakuna kilo tena. Nilikuwa na miaka 38.

Sasa stori yenyewe inaanza nyuma kidogo, Novemba 2018, taji la taifa la uzito wa laitiweti, raundi 10. Nilipoteza kwa majaji wawili kwa mmoja. Wawili wakampa jamaa pointi 96 kwa 94, mmoja akanipa mimi 96 kwa 94, yaani raundi moja ingeenda upande mwingine saa hii ningekuwa naandika vitu tofauti. Hiyo usiku nilikuwa nimeapa nimeibiwa. Nimeangalia hiyo mechi kwa simu labda mara mia, na ukweli ni kwamba raundi ya tisa nilikuwa nimelegea, unaona miguu inatembea lakini haiendi mahali, na raundi ya saba ile nilimbana kwa kamba nilirusha ngumi nyingi ambazo zilikuwa zinagonga mikono yake tu. Siku hizi nikiihesabu naipata 95 kwa 95. Lakini kuona hivyo kumenichukua miaka, wakati ule mi nilikuwa naona wizi tu.

Promota akaingia chumba cha kubadilishia na viatu vyake vyeupe, akanishika bega akasema marudiano ni lazima, watu wameitisha, mwezi wa tano tuko nayo. Nikaamini. Kocha alikuwa ameinama ananikata bendeji mkononi na makasi, hakusema kitu mpaka promota akatoka, ndio akasema, "Kijana wangu, maneno ya hiki chumba huwa yanaoshwa na maji ya kuoga." Nilidhani ni uchungu wa kushindwa unamsemesha.

Kitu watu wa nje hawaelewi kuhusu ngumi ni uzito. Laitiweti ni kilo 61.2, hakuna gramu ya kuongezewa juu wewe ni mtu mzuri. Lakini hakuna bondia wa laitiweti anaishi kwa kilo 61. Mi maisha yangu ya kawaida nilikuwa 67, 68, nikipewa deti nashuka polepole wiki sita, nakata ugali, nakata chumvi, halafu siku mbili za mwisho natoa zile kilo mbili za maji, napimwa asubuhi, nakunywa, nakula, kesho yake usiku naingia ulingoni nikiwa mtu tena. Mwili unakubali hiyo kazi, hauipendi lakini unakubali, bora tu ujue inaisha lini. Shida ni ukiambiwa mechi iko lakini deti bado. Hapo huwezi kurudi 68 juu ukipigiwa simu ghafla hutashuka, na ukishapita 35 kila kilo inatoka kama jino. Basi unakaa 64. Nilikaa kilo 64 miaka minne, kama mtu anayelala na viatu.

Mizani ya jimu ilikuwa imekufa zamani, kwa hivyo nilikuwa napimwa kwa muuza skrepa pale Light Industries. Ile mizani ya kukanyaga, ina mkono wa chuma na kile kijiwe unasukuma. Naamka saa kumi na moja kasoro, natoka raundabauti ya Kariobangi nashika Outering mpaka Allsops na kurudi kabla matatu hazijaanza kutupumulia moshi, alafu napita kwake nikiwa nimelowa. Anasukuma radieta ya lori kando, napanda. Yeye anasukuma kijiwe polepole na kidole chenye grisi, mdomo wazi, kama anapima dhahabu. Alafu anatangazia vijana wake, "Leo chuma imeshuka!" ama "Chuma imepanda, muulizeni jana alikula kwa nani!" Siku moja nilikuwa 64.8 akaniambia kwa bei ya siku hiyo sitoshi hata kununua mbuzi. Huyo mzee hakuwahi kunitoza shilingi, na ndiye mtu wa pekee Nairobi nzima alijua kila Jumatatu na kila Ijumaa niko vipi.

Mei 2019 ikafika, siku kumi kabla mdhamini akajitoa. Sawa, hiyo hutokea. Septemba jamaa akaumia mkono, kifundo cha ngumi, ama ndivyo nilivyoambiwa. Tukapewa Aprili 2020 na hii ilikuwa na posta kabisa, sura yangu na yake tumekunja nyuso, imebandikwa ukutani kuanzia Kariobangi mpaka Dandora, watoto wangu wakapelekana kuiona kama wanaenda sinema. Tarehe 13 Machi kesi ya kwanza ya korona ikatangazwa hapa Kenya, michezo ikafungwa, kabla mwezi uishe tuko kwa kafyu. Hiyo posta haikutolewa na mtu. Ilikaa hapo korona yote, mvua ya masika ikaipiga, na mvua nayo ilikuwa na jaji wake, ilinifuta mimi kwanza. Ilifika mahali jamaa amekunja uso anaangalia karatasi nyeupe.

Nilikuwa nafanya ubaunsa wakati huo, baa moja hapa mtaani. Baunsa wa kilo 64, chekeni tu. Mlevi wa kilo 110 anakuja ananiangalia anauliza mwenyewe wa kazi yuko wapi. Korona ikafunga baa, nikaenda kubeba viazi Marikiti. Kubeba viazi ukiwa umelala na ndimu ni adhabu ambayo sijawahi kuisoma kwa katiba. Na kafyu yenyewe ilikaa mpaka Oktoba 2021, kwa hivyo hata ukipata mtu wa kuandaa, mashabiki watarudi nyumbani na nini?

Lakini hii sitailaumu korona, na hapa ndio nataka vijana wasome polepole. Kabla ya korona na baada yake niliitwa mechi zingine tano. Dar niliitwa mara mbili, Tanzania wako na mechi kila wakati na wanapenda Mkenya wa kupigana na mtu wao, na pesa inalipwa, haikuwa nyingi lakini ilikuwa inalipwa. Nilikataa. Zote tano nilikataa, juu mi nilikuwa namba moja kwenye foleni ya taji, nikienda Dar nikapoteza kwa pointi za nyumbani foleni inaenda, nikipigwa nokauti napumzishwa kwa lazima na deti ikitokea nitakuwa nje, nikipasuka nyusi pia hivyo. Marudiano ni kama kuvishwa pete na mtu wa ng'ambo. Wengine wanapita wako hapa wanaonekana, wewe unawaambia pole nina mtu. Mtu mwenyewe hata picha hatumi.

Kocha alikuwa ananiambia nichukue Dar. Shemeji zangu walikuwa wananiambia mvumilivu hula mbivu. Nikasikiza shemeji. Ile methali ingine ya ngoja ngoja huumiza matumbo nadhani ilitungwa na bondia, juu mi langu lilikuwa linauma kwelikweli, vidonda vya tumbo, daktari alinikuta navyo 2021 akaniuliza nakula nini nikamwambia nangoja mechi.

Na kuna kitu kingine sikuwa naelewa wakati ule. Mwenye mkanda hana haraka. Haraka ni ya yule aliyepoteza. Angalia hata wale wakubwa wa Ulaya: Tyson Fury alimpiga Wladimir Klitschko Düsseldorf, Novemba 2015, marudiano yakapangwa Julai 2016, yakasukumwa Oktoba, yakafa. Klitschko alikaa pale anangoja mwaka mzima na nusu bila kurusha ngumi ulingoni. Alikuja kupigana na Anthony Joshua Wembley Aprili 2017 mbele ya watu elfu 90, akapoteza, akaachia hapo, lakini aliachia na akaunti benki. Lennox Lewis naye alimshinda Vitali, kaka yake Klitschko huyo, 2003 kwa sababu ya uso kupasuka, na Vitali alikuwa anaongoza kwa kadi za majaji, dunia nzima ikataka marudiano, Lewis akafikiria, Februari 2004 akasema asanteni. Nani atamlaumu? Mkanda ni wake, uso ni wake. Vitali ndiye aliachwa amesimama stejini gari limeenda.

Kocha ana stori yake moja ambayo hutoa akiwa na hofu na mtu. Ni ya Robert Wangila. Kila mtu Kenya anajua ya Olimpiki ya Seoul, 1988, dhahabu ya uzito wa welta, hakuna Mkenya mwingine amewahi kuileta kwa ndondi mpaka leo. Ya pili watu hawapendi kuiongelea. Julai 1994, Las Vegas, refa alisimamisha mechi yake, na siku mbili baadaye alikuwa amefariki. Miaka 26. Kocha huwa hamalizii na funzo, huwa anasema tu hiyo miaka halafu anaendelea kukunja bendeji.

Mi nikisikia hivyo nilikuwa na jibu langu tayari, George Foreman, yule Mmarekani. Kila bondia mzee ana Foreman mfukoni. Alirudisha taji la dunia la hevi, uzito wa juu kabisa, na miaka 45, Novemba, na ni mwaka huo huo 1994, miezi michache tu baada ya Wangila. Nilikuwa nawaambia watu hiyo kila siku kama nauza dawa. Mpaka mama watoto siku moja akauliza, akikoroga uji tu, "Huyo Foreman alikuwa ananyimwa chakula?" Wee. Hevi haina mwisho wa juu, Foreman alikuwa anakula! Kilo alizokuwa anakimbiza ni zipi? Nilikaa na hilo swali wiki nzima na sikumrudishia jibu mpaka leo.

Yeye pia ndiye aligundua nasahau. Haikuwa kusahau kwa kutisha, ni vitu vidogo, naulizana na konda kama nimelipa nauli na tiketi iko mkononi, natoa stori jioni niliyoitoa asubuhi. Nikaenda hospitali nikapigwa picha ya kichwa, hawakuona kitu kibaya, lakini daktari alinikalisha akanieleza kwamba mtu akijikausha maji vile mi hujikausha halafu apigwe ngumi za kichwa, anaenda vitani ameacha ngao nyumbani, na kwamba zile saa kati ya mizani na kengele hazitoshi mwili kurudisha kila kitu. Alafu akaniuliza mechi iko lini. Nikamwambia bado hatujajua. Aliandika kitu kwa faili, sijui ni nini.

2022 tukaambiwa tungoje kura iishe, Agosti, watu wa pesa wote wako kwa kampeni. Sawa. Kura ikaisha. Desemba ikapewa deti na hii mara nikasaini, nikaona karatasi, nikashuka. Miaka 38 nilishuka kutoka 64 mpaka 61 kwa siku nane. Nilikimbia na mifuko ya takataka ndani ya traksuti. Siku ya mwisho nilikuwa natema mate kwa chupa ndani ya matatu na mama mmoja akahama kiti. Asubuhi ya kupimwa nikapitia kwa mzee wa skrepa, akasukuma kijiwe, 61.0 kamili, na hiyo siku hakupigia vijana kelele, aliniangalia tu akasema, "Nenda ukamalize, uje tule nyama."

Tulikuwa tunapimwa hoteli moja ya mjini, saa nne. Nikamkuta jamaa amefika, midomo imepasuka kama yangu, macho yameingia ndani. Viti viko, mizani haiko. Promota simu haishiki. Saa tano, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Saa sita vilevile. Kumbe hata holi la mechi lilikuwa halijalipiwa, hiyo tuliisikia kutoka kwa mlinzi. Makocha wetu wakatoka nje kutafuta ofisa wa kuongea naye, tukabaki wawili ndani, mimi na mtu ambaye nimemchukia miaka minne, tumekaa viti viwili mbali, na yeye ana chupa ya maji ya nusu lita kwenye begi, mdomo wa chupa unaonekana.

Hakuna mtu alikuwa anakunywa. Juu itakuwaje mizani ikiletwa? Mi naangalia chupa, yeye anaona naangalia chupa. Nusu lita ni nusu kilo, hiyo hesabu kila bondia anaifanya bila kufikiria. Nilikuwa nasikia ulimi wangu ukibandukana na juu ya mdomo. Saa nane na kitu wafanyakazi wa hoteli wakaanza kubeba viti, kuna harusi kesho, mmoja akatuomba tuinuke pole pole. Jamaa akainuka, akatoa chupa, akafungua. Ile sauti ya kifuniko kuvunjika naisikia mpaka leo. Akanywa mpaka nusu, akafuta mdomo wa chupa na shati lake, akanipa.

Nikanywa.

Alafu akasema, "Brathe, mi miaka yote naambiwa ni wewe unakwepa." Kwake ilikuwa nimeitisha pesa zaidi, nimeumia goti, nimeenda Mombasa. Kwangu ilikuwa mkono wake, meneja wake, anaogopa. Ule mkono wa 2019, nilimuuliza. Akanionyesha vifundo vyote, vizima, akasema yeye Septemba hiyo alikuwa 61.5 anangoja. Yeye pia alikuwa amekataa mechi, moja ilikuwa ya Zambia. Yeye pia hakuwa amelipwa kitu tangu 2018, mkanda ameuweka juu ya kabati watoto wanauchezea mieleka. Na tunakaa umbali wa matatu moja! Namba yake ningeipata kwa watu watatu tofauti. Hakuna siku nilifikiria kumpigia, juu adui hapigiwi simu, ama ndivyo nilivyodhani.

Kutoka hapo nikaenda nyumbani na unajua kitu cha ajabu, sikula. Saa tatu usiku promota akatuma meseji, "Champ pole, Februari tuko nayo 100%," na mwili wangu wenyewe bila kuniuliza ukaenda ukachemsha maji ukakata ndimu. Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni na hicho kikombe nikihesabu, Februari ni wiki nane, nikikaa 64... ndio ile harufu ya chapati ya kwanza ikageuzwa kwa kikaango. Sijui niwaelezeeje. Nilihisi kama mtu amezima redio ambayo nilikuwa nimesahau inalia.

Siku hizi jioni niko jimu nashikia vijana padi. Wananiita mzee na sikasiriki. Wakipewa deti kwa mdomo nawauliza depositi iko wapi, na karatasi inasema nini mechi isipofika siku hiyo, kuna siku ya mwisho ama unangoja mpaka Yesu arudi. Kuna mmoja ana mkono wa kushoto mzuri sana, aliahidiwa marudiano mwezi wa pili, nikamwambia achukue ile ya Dar na ampigie huyo mwenzake simu leo, amuulize mwenyewe. Alinitazama kama nimemwambia amwoe.

Agosti iliyofuata simu ikalia, promota. Sauti tamu vilevile. "Champ, tumepata tarehe!" Nikamwambia nina kilo 74. Akanyamaza kidogo, akasema hiyo si shida, tutatafuta uzito wa katikati. Nikamwambia atume depositi kwa M-Pesa sasa hivi kabla sijakata simu. Mtandao wake ukaanza kusumbua, "Haloo? Haloo champ?" mi namsikia vizuri kabisa.

Jioni hiyo jamaa akanipigia, naye alikuwa amepigiwa. Nikamuuliza siku hizi ako kilo ngapi. Akasema 79, ana mahali pake pa mutura Mathare, na nikipita nisinunue kwa jirani yake.